Uwanja nusu, raha nusu

Kama unaishi Mtopanga na una mtoto mpenda kandanda, bila shaka umewahi kuulizwa: "Baba, uwanja wa Manispaa utakwisha lini?" Ukakosa jibu.

Uwanja huo wa mjini Mombasa ulibomolewa ili ujengwe upya. Mashabiki wakaonyeshwa michoro ya kupendeza. Kisha kazi ikakwama, miaka ikapita.

Hasara si ya saruji pekee. Mwaka wa 2019 Bandari FC walitwaa Ngao na kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Mashirikisho la Afrika. Mechi za "nyumbani" wakazichezea Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka Mombasa! Mzazi wa Mtopanga, ambaye angetoa nauli ya matatu tu hadi mjini, akaambulia redio.

Wala usidhani Mombasa kazi hazimaliziki. Mwaka uo huo bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa, na Oktoba 20 Siku ya Mashujaa ikaadhimishwa papo hapo. Tarehe ilikuwapo, kazi ikaisha.

Ahadi ni deni. Basi msomaji, atakayekujia na mchoro mwingine, muulize tarehe. Uwanja unaweza kungoja, mtoto anakua.