Dawa ya Deni ni Kulipa

Kafyu iliyowekwa nchini Kenya Machi 2020 iliondolewa Oktoba 20, 2021, na harusi zikaanza kurudi. Pamoja nazo kikarudi kilio cha wanaoziandaa: wenye mahema na viti vya kukodisha, wapishi, wapambaji, wapiga picha, washereheshaji na wanamuziki. Waliiomba serikali iwasaidie kusimama tena. Walikuwapo waliouliza kwa nini fedha za umma zigharimie anasa. Swali ni halali, ila linamlenga asiyehusika. Harusi yaweza kuwa anasa kwa anayeoa. Kwa anayewapikia wageni pilau, ni riziki.

Tukumbuke yaliyopita. Machi 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku. Julai mwaka huo idadi ya wahudhuriaji wa harusi ikapandishwa, lakini isizidi 100. Hatua hizo sizipingi, kwani maradhi yalikuwa yakiua. Hata hivyo, serikali inapoifunga kazi ya mtu kwa manufaa ya wote, ni haki wote waibebe hasara yake.

Je, ilibebwa? Aprili 2020 waliopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato. Kodi ya faida za kampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya ziada ya thamani kutoka asilimia 16 hadi 14. Nafuu ya kwanza yamfaa mwenye mshahara, ya pili mwenye faida, ya tatu anayeuza na anayenunua. Mwenye mahema aliyekaa miezi bila mteja hakuwamo katika kundi lolote. Kumpunguzia kodi asiye na mapato ni kumpa kitana mwenye upara.

Mwezi wa Mei ukaja mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7, na ndani yake bilioni 2 za kuzikopesha hoteli na biashara za utalii kwa masharti nafuu. Hoteli ina hatimiliki, vitabu vya hesabu na chama cha kuisemea. Mpishi wa harusi ana masufuria yake na sifa yake mtaani, na benki haipokei sifa kuwa dhamana.

Wengine walipendekeza uundwe mfuko maalumu. Nina shaka nao, kwa maana mifuko ya namna hiyo huwafikia kwanza wanaoujua mlango wa kuingilia. Serikali ianze kwa kulipa inachodaiwa. Wizara, mashirika ya umma na kaunti ni wateja wakubwa wa mahema, vipaza sauti na chakula, katika semina, mikutano ya wananchi na sikukuu za kitaifa. Tangu 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wamo miongoni mwao waliokopa, wakanunua viti, wakatoa huduma, kisha wakaambiwa wasubiri mwaka ujao wa fedha. Ugonjwa ulipowaondolea mteja binafsi, wakabaki na mteja asiyelipa.

Basi madeni madogo na yalipwe kwanza. Shilingi laki mbili hazitikisi bajeti ya wizara, lakini kukosekana kwake hufunga biashara. Kaunti nazo zisamehe ada ya leseni kwa mwaka mmoja, kwa kuwa wenye leseni hizo walizilipia bila kuruhusiwa kuzitumia.

Mtumishi wa umma mwenye faili la mdai mezani anajua la kufanya. Ninyi wanafunzi na wanaharakati, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Iandikieni kaunti yenu, mwulize inadaiwa na nani, kiasi gani, na tangu lini. Wanaodai hawaombi sadaka.