Roketi Ukumbini? Ndiyo, na Binti Aijenge



Mabiharusi wanaokuja kwangu kushona huniambia pia habari za nyumba mpya, na orodha ni ile ile: makochi, mapazia, zulia, kabati la vyombo, maua ya plastiki. Leo nataka kutetea kitu ambacho hakuna anayekitaja: roketi ya matofali ya LEGO, ile kubwa ya Saturn V, yenye urefu wa mita moja hivi.

Najua mtakavyosema. Huo ni mchezo wa watoto, tena watoto wa kiume. Mimi sikubali.

Saturn V ya kweli ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 110, na ndiyo iliyowapeleka watu wa Apollo 11 mwezini, Julai 1969. Mfano wa LEGO ulitoka mwaka 2017 ukiwa na vipande 1,969, kwa kuukumbuka mwaka ule. Huja katika mifuko yenye namba, na kila mfuko una zamu yake. Ukiruka hatua moja chini, utaijua ukifika juu, na itabidi ubomoe. Fundi nguo yeyote anaelewa: huanzi na shanga, unaanza na kipimo.

Kinachonipendeza zaidi kimo ndani. Nje roketi ni nyeupe na nyeusi, imetulia. Ndani kuna matofali ya rangi rangi, yamefungamana, ndiyo yanayoishika isimame. Ni kama bitana. Mgeni haioni, lakini fundi wa kweli hujulikana ukiigeuza nguo.

Na hapa ndipo penye neno langu. Mtoto wa kike akifeli mtihani tunamwambia, "Basi, nenda kajifunze cherehani," kana kwamba cherehani ni adhabu. Akigusa roketi tunamwambia, "Hiyo ya kaka yako." Yote mawili tunamdhulumu. Suti walizovaa Neil Armstrong na Buzz Aldrin juu ya mwezi zilishonwa na wanawake, kwa cherehani, huko Dover, Delaware, katika kampuni iliyojulikana kwa sidiria za Playtex. Suti moja ilikuwa na tabaka 21. Pini moja ikisahaulika ndani ingeweza kuitoboa, na huko juu suti ikitoboka hakuna hewa. Wanaume wale walitoka nje ya chombo wakiamini mshono wa mwanamke.

Wala habari hizi si za mbali nasi. Kabla ya Apollo, wakati wa mradi wa Mercury, Wamarekani walikuwa na kituo hapa Unguja cha kufuatilia vyombo vyao vya anga, hadi kikafungwa mwaka 1964.

Kwa hiyo ikiwa unayo roketi hiyo, au mume anaitaka, usiifiche chumba cha stoo. Iweke ukumbini, mahali mabinti wanapita kila siku. Usiiweke dirishani, jua hugeuza matofali meupe yakawa manjano. Iweke mbali na njia ya wageni na mikono ya wadogo. Kama hapana mahali pa kuisimamisha, ina vishikizo vyake vya kuilaza juu ya kabati. Vumbi litoe kwa brashi laini ya poda, kitambaa hakifiki kwenye pembe. Rangi zake hazigombani na pazia lolote.

Bei yake si ndogo, nalisema wazi. Kama kodi ya nyumba au ada ya skuli haijalipwa, iache dukani. Israfu haigeuki elimu kwa sababu ina sura ya roketi. Boksi dogo la matofali, au hata makopo na gundi, yanatosha kumfundisha mtoto kujenga.

Lakini ikishaingia nyumbani, aijenge binti pamoja na kaka yake, na si kazi yake iwe kuokota vipande vilivyoanguka. Na siku akiuliza nani aliwashonea wale watu nguo za mwezini, umjibu: mafundi cherehani, mwanangu, wanawake.