Hesabu ya koperative, ufunguo uwe kwetu



Mwaka uliopita, mwezi wa tano, mahindi yakiwa yanaingia depo, koperative yetu hapa pembeni ya Lubumbashi ilifungua ordinatere ili ijue kila mmoja alileta mifuko mingapi. Programu ya hesabu ikakataa: muda umeisha, lipeni tena kwa dola. Feza hazikuwepo. Mahindi yetu, hesabu yetu, lakini ufunguo uko kwa mwingine! Ba mama wakaanza kuulizana: "Nani anakula feza yetu?" Hakuna aliyekula. Ila mashaka yakiisha kuingia, kuyatosha ni kazi.

Mimi naona tutumie programu huria, zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia na kumnakilia jirani bila kulipa leseni. LibreOffice njo mfano. Ilianza 2010, iko kwa Kifaransa, na inafungua mafaili ya Excel. Unaipakua mara moja mjini, unaibeba kwa flashi mpaka kijijini, inatumika bila intaneti. Hata Kiswahili chetu kimo katika kazi hii: 2004 kulitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyotengenezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini tusidanganyane. Bure nayo iko na bei yake: siku za kujifunza. Na tusikimbilie programu kubwa za makampuni, zinazotaka fundi kila wiki na umeme usiokatika. Tuanze na jedwali moja ya Calc, iliyo ndani ya LibreOffice: tarehe, jina, kilo, bei, feza iliyolipwa. Basi.

Kipimo changu ni kimoja. Sekretere akigonjwa, mwanachama mwingine aweze kufungua na kusoma. Kama hawezi, programu hiyo haitufai, hata kama ni ya bure. Na kaye isitupwe: kila mwisho wa mwezi tulinganishe, kisha tubandike hesabu ukutani.

Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake inataka koperative itengeneze hesabu kila mwaka. Kwa hiyo si kazi ya komite peke yake. Kwenye mkutano ujao, kabla ya kukubali kununua programu yoyote, tuulize: siku tusipolipa, hesabu yetu tutaiona bado?