"Mpelekeni Mirembe"

Hakuna neno lisemwalo upesi zaidi katika Tanzania yetu, mtu aonapo kioja cha jirani yake, kuliko hili la "mpelekeni Mirembe"; na wanaolisema si wajinga wala wenye roho mbaya, bali ni watu wa heshima, wazazi, walimu, hata madiwani, waliorithi itikadi moja bila ya kuipima: kwamba makao ya maradhi ya akili ni hospitali kubwa, ya mbali, yenye ukuta, na kwamba mgonjwa akishavuka lango lile sisi tuliobaki nje tumekwisha kutimiza faradhi yetu. Itikadi hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote.

Naipinga kwanza kwa asili yake. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910, na ile ya Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, zama ambazo dawa ya maradhi haya haikuwapo duniani, na serikali za kikoloni zilitaka zaidi kuwaondoa wagonjwa barabarani kuliko kuwatibu. Sisemi kwamba mababu zetu walikuwa malaika, kwani kamba na pingu za miti zilikuwapo vijijini na zingalipo. Walakin klorpromazini, dawa ya kwanza ya kutuliza wazimu, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, ukuta wa Dodoma ukiwa umekwisha kusimama robo karne. Na dawa hiyo, pamoja na zilizoifuata, ingawa yaweza kubebwa katika kikapu hadi zahanati ya mwisho ya wilaya, sisi tumeshikilia kumbeba mgonjwa kuifuata dawa.

Mtaani kwetu yupo seremala, fundi wa milango, ambaye alipougua mara ya kwanza alisafirishwa basini mikono imefungwa kwa kanga, ncha zake amezishika mama yake mwenyewe njia nzima. Akalazwa mbali na kwao, akatulia, akarudi na vidonge vya mwezi mmoja ndani ya bahasha ya kaki. Vilipokwisha, zahanati iliyo hatua mia mbili kutoka karakana yake haikuwa na dawa hiyo hata chembe, na nauli ya kuifuata ilikuwa kubwa kuliko faida ya mlango mzima. Akaugua tena, akafungwa tena, akapelekwa tena, mara tatu. Na baraza zote zikahukumu kwamba yule haponi, asitokee hata mmoja wa kusema kwamba ni dawa iliyokatika.

Wako watakaoniambia kwamba haya ya kutibu watu majumbani ni fikra za Ulaya. Nawakumbusha tabibu Thomas Adeoye Lambo, aliyeanza mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, nchini Nigeria, kuwapangisha wagonjwa wake katika nyumba za wanavijiji, kila mmoja na jamaa yake wa kumtunza, mchana wakienda kutibiwa na jioni wakirudi kula na wenyeji. Na nawakumbusha mabibi wa Harare, ambao tangu mwaka 2006 hukaa na wenye dhiki ya mawazo juu ya benchi la mbao, nje ya kliniki, wakiwasikiliza kwa lugha yao. Hata sisi wenyewe tulijaribu: katika miaka ya 1980, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilitiwa huduma ya akili ndani ya vituo vya afya na zahanati za kawaida. Jambo lililokwisha kujaribiwa kwetu haliwezi kuitwa geni.

Hoja moja tu naiogopa, nayo ni ya akina mama: kwamba serikali ikisikia neno "jamii" itafunga wodi, iweke fedha kibindoni, na kumtupia mama mzigo peke yake. Khofu hiyo ni ya haki. Marekani ilitunga sheria ya vituo vya jamii mwaka 1963, ikafunga vitanda kwa maelfu, lakini vituo vilivyoahidiwa vingi havikujengwa, na wagonjwa wengi wakaishia njiani na magerezani. Kwa hiyo sitaki Mirembe ivunjwe. Yupo mgonjwa ambaye kwa majuma kadhaa ahitaji kitanda na macho ya daktari usiku kucha. Nataka mganga mkuu wa mkoa aulizwe, kabla ya kuomba jengo jipya, ni zahanati ngapi za mkoa wake zilizokosa dawa hizi mwezi uliopita, na ni nani aliyekwenda kubisha hodi kwa mgonjwa asiyekuja siku yake.

Kwetu mtu huyo alipatikana: muuguzi kijana, aliyefundishwa kazi hii, ambaye kila mwezi humdunga seremala sindano yake, na akichelewa siku mbili humtuma mtoto kumwita. Huu ni mwaka wa nne hajafungwa kanga. Mlango wa chumba ninamoandikia haya aliupiga randa yeye, Shaabani iliyopita, na bei hakunipunguzia.