Kompyuta za Kizazi Kipya: Nani Awe wa Kwanza Kununua?

Dhahabu ya Nyamongo ikishachimbwa hairudi ardhini. Kwa sababu hiyo, kila shilingi itokanayo nayo inastahili kufikiriwa mara mbili kabla ya kutumiwa. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye mgodi hupaswa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii inayomzunguka, na kukubaliana juu yake na halmashauri ya mahali hapo. Vijiji kama Kewanja, Nyangoto, Matongo na Kerende, vilivyo jirani na mgodi wa North Mara, vina haki ya kutazamia kwamba sehemu ya fedha za namna hiyo itawafikia watoto wao mashuleni. Ikiwa fedha hizo zitaelekezwa kwenye kompyuta, bodi ya shule haitakwepa swali moja ambalo kwa sasa linazisumbua ofisi na shule duniani kote. Viwanda vinabadili prosesa. Je, zinunuliwe mashine za kwanza za aina mpya, au za mwisho za aina ya zamani?

Yafaa kueleza mapema kwamba "kizazi cha kwanza" hapa si zile kompyuta kubwa za miaka ya 1940 na 1950 zilizotumia vali za kioo. Maana yake ni toleo la kwanza la mashine zinazotoka baada ya kiwanda kuhama kutoka ukoo mmoja wa prosesa kwenda ukoo mwingine.

Kubadilika kwa prosesa

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo: kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha data kutoka mahali hadi mahali. Kila ukoo wa prosesa una orodha yake ya maagizo, nayo ndiyo lugha pekee inayoielewa. Programu iliyotayarishwa kwa ukoo mmoja haisomeki kwa mwingine, kama vile barua ya Kikuria isivyosomeka kwa asiyejua lugha hiyo, hata kama mwandiko wake ni mzuri.

Kiwanda kinapohama ukoo, kwa kawaida hutoa programu ya ukalimani, inayofasiri maagizo ya zamani yaeleweke na mashine mpya. Mkalimani huyo ni msaada mkubwa, lakini ana kasoro mbili. Kazi yake hula nguvu za mashine, na ajira yake si ya kudumu. Isitoshe, vifaa vya nje kama printa na skana huhitaji programu zao maalumu, na hizo mara nyingi hazifasiriki. Zisipoandikwa upya, printa nzima hugeuka kuwa pambo la mezani.

Funzo la Hazina

Tanzania haikulijua jambo hili jana. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine hiyo iliuzwa na kampuni ya Uingereza, lakini ilibuniwa na kampuni ya RCA ya Marekani. Mwaka uliotangulia, yaani 1964, kampuni hiyohiyo ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza ukoo wake mpya, 1900, uliokuwa na maumbile mengine kabisa. Baadaye Hazina nayo ilihamia kwenye ukoo huo wa 1900. Kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwa kompyuta ilileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini.

Haitakuwa haki kuibebesha prosesa lawama zote. Wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, wageni ndio walioshika usukani, na mipango haikulingana na uwezo wa watumishi. Lakini hapo ndipo funzo lilipo. Mabadiliko ya mashine humwelemea zaidi yule asiye na fundi wake mwenyewe, kwa kuwa kila hatua ya kuhama humrudisha kwa muuzaji.

Mifano miwili inayopingana

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Historia ya kampuni ya Apple imezithibitisha methali zote mbili.

Mwezi Januari 2006 kampuni hiyo ilianza kuuza mashine zenye prosesa za Intel badala ya PowerPC. Prosesa hizo za kwanza, Core Duo, zilikuwa za biti 32. Mwezi Septemba mwaka huohuo iMac zikatolewa na Core 2 Duo, za biti 64. Mfumo wa uendeshaji uliotolewa mwaka 2011 ulizikataa zile za biti 32, na papo hapo ukamwachisha kazi mkalimani wa programu za PowerPC. Hivyo aliyesubiri miezi minane alipata mashine yenye umri mrefu kuliko ya yule aliyekimbilia dukani.

Mwaka 2020 mambo yalikwenda kinyume. Mwezi Machi ilitoka MacBook Air yenye prosesa ya Intel. Mwezi Novemba ikatoka nyingine yenye prosesa ya M1, ambayo maumbile yake ni ya ukoo wa ARM. Mfumo uliotolewa Septemba 2025 uliikataa ile ya Machi na kuipokea ile ya Novemba. Miezi ni minane ileile, ila safari hii aliyenunua kizazi cha kwanza ndiye aliyefaidika, na aliyeshikilia cha zamani ndiye aliyeachwa njiani.

Anayetaka kanuni moja ya "nunua mapema" au "subiri" hataipata hapa. Swali lenyewe ndilo linalopaswa kubadilishwa.

Ni nani awezaye kuukomesha ukoo wa zamani?

Wanunuzi wengi huuliza kama mashine mpya ina kasi zaidi. Kwa kawaida inayo, na jibu hilo halisaidii sana. Swali la maana zaidi ni hili: nani ana uwezo wa kuamuru ukoo wa zamani ufe, na ameahidi kuulisha kwa miaka mingapi?

Apple hutengeneza mashine na mfumo wake wa uendeshaji. Ikiamua kuhama, ukoo wa zamani unakuwa na siku za kuhesabika, hata kama mashine zake bado zinang'aa. Katika hali hiyo, bei nafuu ya akiba iliyobaki ni chambo.

Hali ni tofauti katika kompyuta zinazotumia Windows, ambazo hutengenezwa na viwanda vingi. Kompyuta mpakato zenye prosesa za Snapdragon X, za ukoo wa ARM, zilianza kuuzwa Juni 2024. Hata hivyo Intel na AMD wanaendelea kutengeneza prosesa za ukoo wa zamani. Hapa hakuna mmoja awezaye kuufunga mlango peke yake, na mnunuzi ana nafasi ya kusubiri bila kuadhibiwa.

Lakini kusubiri si sawa na kupokea chochote kinacholetwa. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa prosesa za Intel hukubali kwa kawaida zile za kizazi cha 8 na kuendelea, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo shehena ya kompyuta kuukuu, iwe ya msaada au ya bei ya kutupa, inaweza kuwa mzigo unaohamishwa kutoka ghala la mwingine kuingia darasani Nyamongo.

Hesabu ya Nyamongo

Wapo watakaosema kwamba mashine za ARM zinaifaa Nyamongo kuliko mahali pengine, kwa kuwa hutumia umeme kidogo na betri zake hudumu. Hoja hiyo ni nzito. Karibu kila simu iliyo mfukoni mwa mzazi hutumia prosesa za ukoo huohuo, kwa hiyo si teknolojia ya kubahatisha. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, betri ya saa nyingi ni rafiki wa kweli wa mwalimu.

Hata hivyo, wachimbaji wadogo wa Nyamongo wanajua hesabu nyingine. Mwenye karasha haulizi tu inasaga mawe kiasi gani kwa siku. Huuliza beringi na mkanda vinapatikana wapi, na fundi ni nani. Karasha yenye nguvu isiyo na vipuri husimama, na mawe hubaki mawe. Kompyuta ya kizazi cha kwanza nayo huja wakati mafundi wa Tarime na Musoma bado hawajaifungua hata moja, vipuri vyake havijafika Mwanza, na printa ya shule haijaandikiwa programu yake. Mtu wa mjini mwenye mashine ya pili nyumbani anaweza kuvumilia hayo. Shule yenye chumba kimoja cha kompyuta haiwezi.

Kwa hiyo, shule ya Nyamongo isiwe uwanja wa majaribio wa kiwanda chochote. Inunue mashine za ukoo ulioenea, ambazo mfumo wa sasa unazikubali na mafundi wa mkoa wanazijua, hata kama zina miaka michache. Kabla ya malipo, muuzaji atamke kwa maandishi mashine itapata masahihisho ya programu hadi mwaka gani. Sehemu ya fedha ibakizwe kwa matengenezo. Mashine moja au mbili za ukoo mpya zaweza kuwekwa mikononi mwa mwalimu ili azijaribu na printa na programu za shule, na ununuzi mkubwa uje baada ya jibu lake.

Ipo njia nyingine ya kupunguza utumwa huu. Programu ambazo maandishi yake ya msingi yako wazi zinaweza kutayarishwa upya kwa prosesa mpya bila kumngoja mwenye kiwanda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu za namna hiyo zinaweza hata kuzungumza Kiswahili. Mwanafunzi aliyezizoea hupoteza kidogo sana mashine inapobadilika.

Kuahirisha bila mwisho nako kuna gharama. Mwanafunzi wa kidato cha nne hasubiri kizazi cha pili cha prosesa. Mwaka ukiisha anaondoka, awe amegusa kompyuta au hakuigusa. Bodi iliyokaa miaka mitatu ikingoja mashine kamilifu imewanyima wanafunzi wa miaka mitatu. Uamuzi ulio bora ni ule unaomweka mtoto mbele ya mashine inayofanya kazi mwaka huu, na ambayo mdogo wake ataikuta bado inafanya kazi miaka mitano baadaye.