Mtihani wa Kwanza wa Mwanafunzi wa Fedha

Kila mwaka dirisha la maombi ya vyuo linapofunguliwa, vijana huja kwangu na simu mkononi wakinionyesha matangazo. "Shikamoo mzee. Nimeamua kusoma uzamili wa fedha. Chuo gani ni kizuri?" Swali hilo nimeulizwa na karani wa benki, nimeulizwa na mhasibu wa halmashauri, nimeulizwa na binti ambaye joho la shahada ya kwanza alikuwa hajalirudisha. Wote nawajibu kwa swali: umepiga hesabu? Wengi hunyamaza. Hapo ndipo moyo huniuma, maana huyu anataka jamii imkabidhi fedha za watu, na fedha zake mwenyewe hajaketi na kalamu akazihesabu.

Ndugu msomaji, neno langu leo ni moja. Kuchagua chuo cha uzamili wa fedha ndio mtihani wa kwanza wa somo lenyewe la fedha. Unatoa mali leo ukitumaini kuvuna kesho usiyoijua. Huo ni uwekezaji, hauna jina jingine. Yale utakayofundishwa darasani, yaani thamani ya fedha kwa wakati, vihatarishi, na gharama ya fursa unayoiacha, unayahitaji kabla hujalipa hata ada ya maombi. Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tulifungue daftari.

Kwanza, andika kazi unayoitaka. Fedha ni neno pana. Afisa mikopo wa benki anatakiwa aisome mizania ya mfanyabiashara na kujua kama atalipa au atakimbia. Anayesimamia uwekezaji wa mfuko wa pensheni anatakiwa ajue hati fungani, hisa, na namna ya kupanga mali ili wastaafu wa miaka 20 ijayo wasikute kapu tupu. Mhasibu wa halmashauri anahitaji fedha za umma, bajeti na taratibu za manunuzi. Anayetaka kuwa mhadhiri anahitaji takwimu na utafiti kuliko kitu kingine. Vyuo viwili vinaweza kutoa shahada yenye jina lilelile, kimoja kikamwandaa mtu wa benki na kingine kikamwandaa mtafiti. Kwa hiyo omba orodha ya masomo, usome somo moja moja, ujiulize lipi litaingia katika kazi yako. Huwezi kuandika sentensi moja ya kazi unayoitaka? Basi usilipe ada bado. Ngoja.

Tena huenda unachohitaji si uzamili. Kata matangazo kumi ya kazi unayoitamani, yapange mezani, uhesabu wanaomtaka mwenye shahada ya uzamili na wanaomtaka mwenye cheti cha taaluma. Ukaguzi na uhasibu hapa Tanzania njia yake kuu ni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, inayomfikisha mtu kwenye CPA. Uchambuzi wa uwekezaji una mitihani ya CFA yenye ngazi tatu, ambayo mtu huifanya akiwa kazini. Nimewaona wenye uzamili waliokaa nyumbani huku mwenye CPA akiitwa kwenye usaili. Nimeona na kinyume chake pia. Ndiyo maana nasema yaulize matangazo ya kazi, usimuulize jirani.

Pili, hakikisha ithibati. Hapa sitakaa sana, maana ni jambo la siku moja, ila asiyelifanya hujuta miaka mingi. Vyuo vikuu vya Tanzania viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Lakini Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, kiko upande wa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Chuo kuwa na ithibati hakutoshi. Ulizia programu yenyewe unayoiomba. Kama unakwenda nje, iulize TCU mapema kama tuzo ya chuo hicho inatambuliwa, kabla hujakata tiketi. Anayekuja kuuliza baada ya kurudi na cheti amechelewa.

Tatu, wajue walimu na maktaba. Hapa niruhusu nisimulie. Mwaka fulani nilimsindikiza binti wa ndugu yangu kwenda kukikagua chuo kimoja ambacho jina lake nitalihifadhi. Hatukuanzia ofisi ya udahili. Tulipanda ngazi hadi maktaba, tukaomba kuonyeshwa rafu ya tasnifu za uzamili wa fedha. Binti akashusha kumi zenye majalada meusi, akapangusa vumbi kwa kiganja, akazipanga mezani. Saba kati ya kumi zilikuwa na kichwa kinachokaribiana: mambo yanayoathiri ufanisi wa kifedha wa benki za biashara. Kilichobadilika ni miaka ya takwimu. Akafungua kurasa za shukrani. Jina la msimamizi mmoja likajitokeza katika sita. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Akatazama namba ya usajili ya kila mwanafunzi, ambayo ndani yake mna mwaka wa kuanza, akailinganisha na mwaka uliochapwa kwenye jalada. Masomo yaliyotangazwa kuwa ya miezi 18 yalikuwa yamewachukua wengine miaka minne, na mmoja mitano. Akaninong'oneza, "Baba mdogo, huyu mwalimu mmoja akisafiri, kazi yangu ataisoma nani?"

Hakuna tangazo ambalo lingetuambia hayo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nenda maktaba, kijana. Kama chuo kiko mbali, tafuta hazina ya tasnifu zake kwenye intaneti, maana vyuo vingi siku hizi huziweka huko. Kisha watafute wahitimu wawili au watatu, si wale waliowekwa picha kwenye bango, uwaulize: msimamizi alirudisha sura yako ya kwanza baada ya siku ngapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini aliyekilalia anaweza kukuonyesha alama za kuumwa.

Na mwalimu si jina tu kwenye ratiba. Kila chuo kina sauti yake. Mwaka 2013 Tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa kwa pamoja Eugene Fama wa Chicago, Robert Shiller wa Yale na Lars Peter Hansen wa Chicago. Fama alijulikana kwa kufundisha kwamba bei za hisa hubeba haraka habari zote zilizopo; Shiller alijulikana kwa kuonyesha kwamba bei huyumba kuliko gawio la kampuni linavyostahili, kwa kuwa binadamu husukumwa na hofu na tamaa. Wote wawili walituzwa, na mwanafunzi wa mmoja hutoka na jicho tofauti na mwanafunzi wa mwingine. Sasa fikiria soko letu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL. Hadi leo zipo hisa zinazopitisha siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Habari itaingiaje haraka ndani ya bei ambayo haijaguswa wiki nzima? Chuo kinachokupa swali hilo na kukuruhusu ulihangaikie kwa takwimu za hapa kitakutengeneza kuwa mtaalamu wa hapa. Vivyo hivyo fedha za mitandao ya simu, ambazo dunia ilikuja kuzisomea kwetu Afrika Mashariki tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Vivyo hivyo SACCOS, na vikundi vya VICOBA ambako akina mama hukopeshana kila wiki na kitabu cha hesabu hufungwa mbele ya macho ya wote.

Nne, piga hesabu ya fedha zenyewe. Tuchukue mfano wa kijana anayepokea shilingi 900,000 kwa mwezi. Tuseme ada na gharama zote za masomo ni milioni 12. Akiacha kazi kwa miezi 24, anapoteza mshahara wa milioni 21.6. Wengi huona milioni 12 tu, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoitafuta kwa jasho, ile 21.6 haionekani kwa kuwa haikupita mkononi. Jumla ni milioni 33.6. Tuseme tena kwamba baada ya kuhitimu mshahara unapanda kwa 400,000 kwa mwezi, yaani milioni 4.8 kwa mwaka. Kwa hesabu ya vidole atarudisha fedha zake kwa miaka saba. Lakini fedha ina gharama. Kama fedha hizo zingeweza kumzalia asilimia 10 kwa mwaka kwingineko, basi itamchukua karibu miaka 13 kurudi alipokuwa. Miaka 13! Mtoto aliyezaliwa siku ya mahafali atakuwa anamaliza shule ya msingi.

Sasa mchukue kijana huyohuyo abaki kazini, asome chuo chenye masomo ya jioni, kwa gharama ileile ya milioni 12. Kwa kiwango kilekile cha asilimia 10, atakuwa amerudisha fedha zake kwa miaka mitatu hivi. Simwambii kila mtu asome jioni. Najua foleni za mjini, najua usingizi wa saa mbili usiku darasani, najua ndoa zilizopita katika majaribu. Wala hesabu hii si sheria. Badilisha tarakimu zangu uweke zako, na jibu lako huenda likawa tofauti kabisa. Ninachosema ni kwamba jibu lipo, na halipatikani kwa kuangalia rangi ya majengo.

Tano, wanaotamani ng'ambo. Siwakatazi. Uingereza shahada nyingi za uzamili humalizika kwa miezi 12, na kwa hesabu tuliyoiona, mwaka mmoja wa mshahara usiopotea ni mali. Lakini ada utalipa kwa pauni huku akiba yako ni shilingi, na ukilipa kwa awamu, shilingi ikishuka katikati ya safari ni wewe utakayebeba pengo. Hiyo ni hatari ya sarafu, somo utakalofundishwa kwa gharama kubwa kama hukulifikiria nyumbani. Vilevile msishikwe na orodha za ubora. Gazeti la Financial Times hutoa orodha yake ya uzamili wa fedha tangu mwaka 2011, na mishahara ya wahitimu ni kipimo kikubwa ndani yake. Kipimo hicho kinamfaa atakayetafuta kazi London au Paris. Atakayerudi kufanya kazi Dodoma au Mwanza atafute kipimo kingine. Bora zaidi ni ufadhili. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, humtaka mwombaji awe tayari ana uzoefu wa kazi, na akimaliza arejee kwao kwa angalau miaka miwili. Hilo sharti la kurejea wengine huliona kama kamba mguuni. Mimi naliona ni haki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wazazi nao nina neno nao. Msimsukume mwana kwenye chuo kwa sababu mtoto wa fulani alisoma pale. Kaeni naye, mumpe daftari, mumwache awaelezee. Akishindwa kuwaelezea ninyi mnaompenda, atawezaje kuieleza bodi ya wakurugenzi mahali watakapoweka mabilioni ya wanachama?

Yule binti wa ndugu yangu alinunua daftari la kawaida, lile la kurasa 96. Alikitembelea chuo cha pili na cha tatu, akaacha majengo mazuri akachagua kile ambacho tasnifu zake zilimalizika kwa wakati na walimu wake walikuwa watano. Siku ya kulipa ada alinionyesha ukurasa wa kwanza wa daftari lile. Nilidhani nitakuta tarakimu. Nilikuta majina: baba yake, na kando yake mauzo ya korosho ya msimu ule; shangazi yake, na mchango wake wa kijumbe aliopokea mwezi ule; kaka yake, na pikipiki. Juu ya majina hayo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: WENYE HISA. Na chini yake aliorodhesha tarehe nne, zikiachana kwa miezi sita, atakazokwenda nyumbani kuwasomea taarifa.

Kijana unayetafuta chuo, anza na ukurasa huo.