Unafuu wa Malindi ni wa nani?

Mhariri,

Wazungu wanaohamia Malindi huusifu mji kwa unafuu wake: samaki wabichi, bahari ya joto mwaka mzima, na pensheni ya Ulaya inayotosha kuishi kwa raha.

Waitaliano walianza kuja miaka ya 1960, kituo cha Italia cha kurushia setilaiti, San Marco, kilipojengwa karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo mwaka 1967. Leo wako vijana wa Malindi wanaozungumza Kiitaliano bila kukanyaga darasa lake. Wapishi, mafundi na watunza bustani wamepata riziki.

Lakini unafuu wa mgeni si unafuu wa mwenyeji. Kiwanja ambacho mstaafu wa Milano anakiona rahisi, mvuvi wa mtaa wa Shela hapa mjini hakiwezi.

Sheria ipo. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Lakini sheria hiyo pekee haitoshi: Serikali ya Kaunti ya Kilifi izilinde njia za umma za kwenda ufukweni kabla hazijazibwa na kuta. Nao wageni, kabla ya kulipia kiwanja, waulize wavuvi hupitia wapi.

Msomaji,
Malindi